Jinsi ya kuomba kazi ya ukaguzi wa usalama wa mionzi ukiwa Mtwara au Lindi

Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia, lakini kazi ya mkaguzi ipo: eksirei za hospitali, viungio vya mabomba ya gesi vinavyopimwa kwa mionzi, na urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo, kwa jirani zetu wa Ruvuma. Mdhibiti ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Nafasi zake hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira na huombwa kupitia portal.ajira.go.tz. Anayekudai hela ya "kukuunganisha" ni tapeli.

Soma kwanza sifa kwenye tangazo. Mara nyingi ni shahada ya fizikia, kemia, uhandisi au fani inayokaribia hizo. Aliyezoea kuchukua sampuli za maji na udongo na kuandika ripoti ya mazingira aioneshe kazi hiyo kwenye wasifu wake. Ndiyo ujuzi wa kijani unaozungumzwa siku hizi.

Akaunti ya kwenye tovuti hiyo hufunguliwa kwa namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), na hapa ndipo wengi hukwama. Kama NIDA inasema "Saidi" na cheti kinasema "Said", tengeneza hati ya kiapo cha majina mapema, usingoje tangazo litoke. Kisha skani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cha chuo pamoja na matokeo yake, vyote vikiwa vimethibitishwa na wakili. Karatasi ya matokeo ya muda haipokelewi badala ya cheti. Uliyesoma nje, shahada yako ipitie Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwanza.

Unapojaza elimu, chagua jina la kozi kama lilivyo kwenye cheti. Ukiweka fani nyingine kwa sababu inafanana, unaweza kuonekana huna sifa hata kama unazo. Mkoa unakoishi nao uwe wa sasa: aliyeacha "Dar es Salaam" ya enzi za chuo anaweza kupangiwa usaili huko ilhali yuko Masasi.

Barua ya maombi iandikwe kwa Katibu wa Sekretarieti, itaje cheo kama kilivyotangazwa, na isainiwe. Barua isiyo na saini huangusha watu wenye GPA nzuri kabisa. Weka wadhamini watatu wanaopokea simu.

Kwenye mchujo jiandae kwa misingi ya kujikinga na mionzi: kupunguza muda, kuongeza umbali na kuweka kinga. Ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye chanzo kidogo cha mionzi, kiwango cha mionzi hushuka hadi robo. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka, na cha mwananchi wa kawaida ni 1. Ukiitwa kwenye mahojiano, beba vyeti halisi na ujue nauli, chakula na malazi ni juu yako. Kwa anayetoka Newala kwenda Dodoma, hilo si dogo.

Wakati unasubiri, usikae bure. Kila kituo kinachotumia mionzi kinatakiwa kuwa na msimamizi wa usalama wa mionzi. Andika kwa mganga mfawidhi wa hospitali yenye eksirei, omba kujitolea chini ya msimamizi huyo, na ukimaliza upewe barua inayotaja vifaa vya kupimia ulivyoshika na kumbukumbu ulizojaza.