Jifunze dulcis kwa kijiko cha asali

Anza na asali, kama ninavyoanza na vijana wanaokuja barazani kwangu hapa Tabora. Onja kwanza. Dulcis ni neno la Kilatini lenye maana ya tamu, nalo hubadilika kufuata jina linaloelezwa. Asali kwa Kilatini ni mel, jina lisilo la kiume wala la kike, hivyo sema mel dulce. Maji ni aqua, jina la kike: aqua dulcis. Majina ya kiume nayo huchukua dulcis ileile. Usiogope, mbona chakula kitamu na muwa mtamu hukosei?

Warumi wa kale waliitamka dulkis; kanisani utasikia dulchis.

Kwa wingi ni dulces, na kwa majina ya aina ya mel, dulcia. Kwenye umilikaji wa wingi, yaani unaposema “ya vitu vitamu”, andika dulcium. Ile i kabla ya u wengi huisahau, iandike mara kumi. Tamu zaidi ni dulcior.

Wataalamu wengi huihusisha dulcis na glykys ya Kigiriki, yenye maana ya tamu. Wazawa wa dulcis, yaani maneno yaliyotokana nayo, watamke kwa sauti: dolce ya Kiitalia, dulce ya Kihispania na Kiromania, doce ya Kireno, doux ya Kifaransa, ambayo humaanisha pia laini na pole. Mhispania akisema agua dulce anataja maji yasiyo na chumvi, kama ya Ziwa Tanganyika. Hilo nalipenda mno.