Namna ya Kusoma Ukakumbuka Hata Baada ya Miezi

Mwanafunzi anayerudia daftari lilelile usiku kucha hujidanganya bila kujua, kwa maana macho yakishauzoea ukurasa, mtu hudhani kwamba yaliyomo yamekwisha kuingia kichwani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tuliyojifunza hupotea katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua.

Kwa hiyo, ukimaliza mada, funga daftari, chukua karatasi tupu na uandike yote unayoyakumbuka. Ikiwa ulisoma Vita vya Majimaji, eleza kwa nini vilizuka mwaka 1905, Kinjekitile Ngwale alikuwa nani, na ilikuwaje watu wakaamini kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Utakwama. Usikimbilie kufunua, kwani kule kuhangaika kulitafuta jibu ndiko kunakoliimarisha; ukishindwa kabisa, fungua, kisha usahihishe kwa kalamu nyekundu. Rudia zoezi hilo kesho yake, halafu baada ya siku tatu, wiki moja na mwezi mmoja. Vipindi hivyo si amri, ila ni vyema viwe vinarefuka.

Kwa mambo mafupi kama tarehe, istilahi na kanuni, kata karatasi ya manila iwe kadi ndogo, swali mbele na jibu nyuma, kisha uzigawe katika maboksi matatu: la kila siku, la kila siku ya tatu na la kila wiki. Kadi uliyoipatia husogea boksi la mbele. Uliyoikosea hurudi la kwanza, hata kama ilikwisha kufika la mwisho. Mpango huu ulienezwa na Sebastian Leitner katika miaka ya 1970, nami naupenda kwa sababu unaweza kufanyika hata ndani ya daladala la Mbagala, umesimama, mkono mmoja umeshika bomba, foleni haisogei.

Hisabati haitaki kadi, bali maswali ya mada mbalimbali yaliyochanganywa, ili ujizoeze kutambua njia inayofaa. Usingizi nao usiuibe, maana ubongo huimarisha kumbukumbu mtu akiwa amelala.

Kadi ikikukwamisha mara nne mfululizo, huenda imebeba mambo mengi mno. Ichane, uandike mbili.