Kabla Hujamkabidhi Tabibu wa Kairopraktiki Shingo Yako

Wengi wanaokwenda kwa tabibu wa kairopraktiki, yaani anayetibu kwa kusukuma na kunyoosha pingili za mgongo na shingo kwa mikono, kwa mara ya kwanza huwa wanasubiri mlio. Wamesikia kwamba utalazwa kifudifudi, utakandamizwa, mgongo utalia "ko!", kisha utainuka mzima. Kwa tabibu anayetegemea vipimo, siku ya kwanza inaweza kwisha bila mlio wowote: umeulizwa maswali, umepapaswa, umepimwa, umeambiwa urudi. Usinung'unike kwamba hukutibiwa.

Maandalizi yaanze na karatasi. Andika maumivu yalianza lini, yanazidi ukifanya nini, yanatulia ukikaa vipi, na kama yanashuka mguuni au mkononi. Halafu andika mambo mawili matatu ambayo mwili umekunyima: kuinama kufunga kamba za viatu, kugeuza shingo unaporudisha gari nyuma, kukaa kitini zaidi ya dakika 20. Andika kwa namba pale unapoweza. Hicho ndicho kipimo chako, na kwa maoni yangu kina uzito kuliko picha yoyote utakayoonyeshwa, kwa sababu ndicho kilichokutoa nyumbani.

Karatasi hiyohiyo ibebe dawa unazotumia. Usisahau zile za kuzuia damu kuganda, na steroidi ulizotumia kwa muda mrefu, kwa kuwa hudhoofisha mifupa. Taja upasuaji, mvunjiko wa zamani, saratani hata kama ilishatibiwa, na ujauzito. Kama una picha za eksirei au za MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) zilizopigwa siku za karibuni, nenda nazo. Hakuna haja ya kupigwa picha mara mbili kwa jambo lilelile.

Kuna hali ambazo hazimhusu tabibu huyu kabisa, angalau si kwanza. Maumivu ya mgongo yakiambatana na ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, au choo kikakutoka bila kujua, hiyo ni dharura: nenda hospitali saa hiyohiyo, maana mishipa ya fahamu iliyo chini ya uti wa mgongo inaweza kuwa imebanwa, na kila saa ina thamani. Homa, kukonda bila sababu, maumivu makali baada ya kuanguka au ajali, na mguu au mkono unaozidi kupoteza nguvu, vyote vianzie kwa daktari. Shingo nayo ina lake. Maumivu mapya makali ya shingo au kichwa, ya aina ambayo hujawahi kuyapata, pamoja na kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili au ulimi kuwa mzito, yanaweza kuwa dalili za mshipa wa damu wa shingoni uliochanika. Shingo ya namna hiyo haifai kuzungushwa kwa nguvu na mtu yeyote.

Chumbani, tarajia nyundo ndogo ya kugonga goti, majaribio ya nguvu na ganzi, na kuinamishwa huku na huku. Baadhi hulinganisha urefu wa miguu ukiwa umelala, wengine hupitisha kifaa cha kupima joto kandokando ya uti wa mgongo. Wanaojikita kwenye shingo ya juu huomba eksirei za pembe mbalimbali, kisha huchora mistari na kukokotoa nyuzi za pembe ili kuona pingili ya kwanza ya shingo, iitwayo atlasi, imekaaje chini ya fuvu. Kuvutiwa na pingili hizo kunaeleweka: karibu nusu ya uwezo wa kugeuza kichwa unatoka kati ya pingili ya kwanza na ya pili.

Ila usahihi wa hesabu si usahihi wa tiba. Watu wengi wasio na maumivu yoyote wana picha zenye mgongo uliopinda au diski (vitenganishi laini kati ya pingili) zilizochakaa. Miguu ikilinganishwa kwa macho, matabibu wawili wanaweza kukupa majibu mawili. Na kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, yasiyo na dalili za hatari nilizotaja, eksirei si lazima. Kwa hiyo kabla ya kuvua mkufu usimame mbele ya mashine, uliza: "Picha hii ikionyesha hivi utafanya nini, na ikionyesha vile utafanya nini?" Kama jibu ni lilelile kwa vyote viwili, picha hiyo si ya kwako.

Kurekebishwa kwenyewe hutofautiana. Kuna msukumo mfupi wa kasi, na hapo ndipo mlio husikika. Mlio huo unatokana na gesi iliyo ndani ya ute wa kiungo, wala si mfupa unaorudi mahali pake. Kuna pia mguso mwepesi chini ya sikio ambao utajiuliza kama umefanyika. Kukakamaa au maumivu madogo kwa siku moja au mbili ni jambo la kawaida. Madhara makubwa kama kiharusi baada ya shingo kuzungushwa kwa nguvu ni nadra, lakini yametajwa vya kutosha kiasi kwamba unapaswa kuelezwa kabla ya kukubali. Una haki ya kusema shingo isiguswe.

Kuhusu ahadi, historia inasaidia. D. D. Palmer alianzisha tiba hii mwaka 1895 mjini Davenport, Iowa, nchini Marekani, akisema amemrudishia usikivu Harvey Lillard kwa kusukuma pingili ya mgongo. Mwaka huohuo mwanafizikia Mjerumani, Röntgen, aligundua eksirei, na mwaka 1910 mwanawe Palmer, B. J., akaiingiza katika kairopraktiki. Tangu hapo kipimo na ahadi kubwa vimetembea pamoja. Ushahidi uliopo unaonyesha nafuu ya wastani kwa maumivu ya kiuno, inayokaribiana na ile ya mazoezi. Anayekuahidi kutibu pumu au kisukari kwa kunyoosha pingili, muage kwa heshima.

Hakiki leseni yake pale sheria inapoitaka, na usilipie mapema mfululizo wa ziara nyingi. Omba ziara chache zenye tarehe ya kupimwa upya. Siku hiyo nenda na karatasi yako. Mwache aseme nyuzi zimepungua kiasi gani, kisha ufunge kamba za viatu mbele yake.