Somo: Jinsi ya kuendesha klabu ya riwaya na chakula pamoja na marafiki

Klabu ya kwanza niliyoianzisha na marafiki iliuawa na chakula. Kila mwenyeji alitaka kumpita aliyemtangulia. Kufika mwezi wa nne mwenyeji alishinda jikoni tangu alfajiri, riwaya hakuifungua, na wageni wakala, wakashiba, wakaaga bila hata kumtaja mhusika mkuu. Klabu ya pili ipo hadi leo, kwa kuwa tulikubaliana mapema kwamba mpishi naye ni msomaji.

Hatua ya 1: Watu na siku. Sita hadi wanane wanatosha. Mkiwa watatu, mmoja akipata udhuru kikao kimekufa; mkizidi kumi, wawili watatu hutawala mazungumzo na wengine hubaki wasikilizaji. Chagueni siku isiyohama, kama Jumamosi ya mwisho ya mwezi.

Hatua ya 2: Kuchagua riwaya. Pendekezeni kwa zamu, msipige kura. Kura huwapa ushindi wale wale wenye ladha moja, lakini zamu humfanya kila mtu asome kitabu ambacho peke yake asingekigusa. Anayependekeza awe amekwisha kusoma angalau sura tatu za mwanzo.

Pigeni hesabu ya kurasa kabla ya kukubali. Riwaya ya kurasa 300, kwa kurasa 15 kila siku, inamalizika kwa siku 20, na mwezi unabaki na nafasi ya ugonjwa au kazi nyingi. Ya kurasa 600 ipeni miezi miwili. Mkigawa usomaji, taja sura na si ukurasa, kwa sababu matoleo tofauti ya kitabu kimoja hayalingani kurasa.

Hatua ya 3: Kupokezana nakala. Si lazima kila mtu anunue. Watu sita wenye nakala tatu wanasoma wawili wawili: wa kwanza anakaa nayo siku 14, kisha anampa mwenzake. Kwa riwaya ya kurasa 300, hapo ni kurasa kama 22 kwa siku. Taabu ni kwamba aliyetangulia hufika kikaoni amesahau nusu ya kisa. Kwa hiyo kila anayemaliza aandike kwenye karatasi mambo matatu: sentensi iliyomgusa, swali lililomsumbua, na jambo asilokubaliana nalo. Muwe pia na daftari la kuandika nani ana nakala ipi.

Hatua ya 4: Zamu mbili zisizokutana. Hapa ndipo klabu nyingi huanguka. Anayepika mwezi huu asiongoze mjadala mwezi huu. Apike chungu kimoja tu, kitu kinachoweza kutayarishwa jana yake, na wengine walete vya kusindikiza. Kabla ya kikao cha kwanza muulize kila mtu kuhusu mzio: karanga, mayai, maziwa, samaki, ngano, ufuta. Msimwachie mgeni aulize mwenyewe akiwa ameshika sahani. Wengi huona haya, na mzio wa karanga unaweza kuua.

Hatua ya 5: Kikao chenyewe. Mjadala kwanza, saa moja na nusu, mkiwa na kinywaji na kitu chepesi cha kutafuna. Mlo baadaye. Tumejaribu kinyume chake mara kadhaa, na kila mara shibe ilituletea uvivu na habari za nyumbani.

Msifungue kwa kuuliza "mmeipenda?" Swali hilo hujibiwa kwa neno moja. Kila mmoja asome kwa sauti aya aliyoichagua, aseme kwa nini ameichagua. Baada ya hapo mwongozaji aulize: msimulizi ametuficha nini, na kwa faida ya nani? Sura gani ukiitoa, kisa kinavunjika? Ni mhusika gani aliyepewa maneno machache kuliko anavyostahili? Swali hili la mwisho limewahi kutuweka hadi chakula kikapoa, tukalazimika kukipasha upya.

Maswali ya wanachama

Swali: Asante kwa somo, mwalimu. Ambaye hakumaliza kitabu aje?

Jibu: Aje, ila ajue kwamba mwisho utatajwa. Mkianza kuficha mwisho kwa ajili ya mmoja, waliosoma wote hufungwa mdomo.

Swali: Tuna nakala moja tu. Tukiipiga picha kurasa zote tukatumiana kwenye simu kuna ubaya?

Jibu: Upo, kama riwaya bado ina hakimiliki. Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa baadaye, unalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimefikisha miaka 70. Kuazimana kitabu mlichonunua hakuna tatizo. Mkikosa uwezo wa nakala za kutosha, ulizeni maktaba, au chagueni riwaya iliyokwisha kutoka kwenye ulinzi huo.

Swali: Ndugu, sisi tuna mwenzetu mmoja akianza kusema hanyamazi. Tunampenda, hatutaki kumvunja moyo.

Jibu: Mpeni kazi ya kuongoza mwezi ujao, kwa sharti kwamba mwongozaji anauliza tu. Kwetu ilisaidia kuliko kumkatiza.

Swali: Mabaki ya chakula mnayafanyaje?

Jibu: Chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Mjadala ukifufuka mezani, mmoja ainuke akakihifadhi, nasi tunamsubiri arudi ndipo tuendelee.

Swali: Na mwenye hali ngumu mwezi huo, asiyeweza kupika wala kuleta kitu?

Jibu: Tulikubaliana kwamba zamu ya jikoni inaweza kubadilishwa na zamu ya kuandaa maswali, bila mtu kuulizwa sababu. Anamwambia mshika daftari peke yake, jina linahamishwa, basi.