Kurekodi demo nyumbani Bukavu: pesa iende wapi

Binamu yangu wa Kadutu alinijia na dola 200, gitaa na laptopu ya zamani. Alitaka demo ya nyimbo tatu. Tulifanya hivi.

1. Kompyuta. Usinunue mpya. RAM ya GB 8 na diski ya SSD zinatosha.

2. Mikro (maikrofoni). Chukua ya dainamiki, aina isiyonasa sana sauti za mbali, kama Shure SM58, inayouzwa tangu 1966. Haihitaji umeme wa volti 48 ambao mikro za kondensa hupewa kupitia waya wake. Za kondensa hunasa hata sauti ndogo na zinasifiwa sana, lakini kwetu nyumba zimebanana mlimani: zitakuletea jenereta ya jirani, mvua kwenye bati na kwaya inayofanya mazoezi ng'ambo ya barabara. Jihadhari, SM58 bandia ni nyingi, na bei ya chini mno ni dalili.

3. Kadi ya sauti. Ni kiboksi cha USB kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, chenye tundu la XLR, lile la pini tatu la waya wa mikro. Binamu alitaka kukiruka achomeke mikro kwenye kompyuta moja kwa moja. Nilimkatalia.

Hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kupoteza usiku mzima. Kila nilipoimba, sauti ilirudi masikioni imechelewa, na nyimbo zote zikakosa mapigo. Nikadhani mikro ni mbovu. Kumbe ni bafa, yaani akiba ya sauti inayosubiri ndani ya kompyuta. Kompyuta hukusanya sampuli (vipande vidogo vya sauti) kwanza ndipo izipeleke mbele: sampuli 1024, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 23 hivi za kuingia, na nyingine kama hizo za kutoka. Weka 128, zinabaki kama 3 kila upande. Ukishusha mno sauti inakwaruza. Hapo panda hadi 256. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO ya kadi yenyewe, yaani programu ndogo inayopitisha sauti kati ya kadi na kompyuta bila kuchelewa sana. Kama haina, pakua ASIO4ALL, ni ya bure. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza kama kadi ina ASIO yake na kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, yaani sauti ya mikro ije masikioni bila kupitia kompyuta. Focusrite Scarlett Solo inavyo vyote viwili. Ukikiwasha kitufe hicho, zima usikilizaji ndani ya programu, la sivyo utajisikia mara mbili. Kaske (hedifoni) zichomekwe kwenye kadi, si kwenye kompyuta. Za Bluetooth weka kando kabisa, zinachelewa hata ufanye nini. Na umeme ukikatika ukaendelea kwa betri, angalia Windows isiwe imejiweka kwenye hali ya kubana matumizi, maana kompyuta ikipunguza kasi mikwaruzo inarudi.

4. Programu ya kurekodi. Reaper. Unaijaribu siku 60 bila malipo, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Audacity, programu nyingine ya kurekodi, ni nzuri kwa kukata mahubiri, ila kwa miaka mingi ile ya kawaida haikutumia ASIO.

5. Kurekodi. Kwenye programu weka ubora wa biti 24, na sauti kubwa kabisa kwenye kipimo ifike karibu na -12 dB. Tundika mablanketi mawili mazito nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya mikro, kwa sababu mikro hii husikia kilicho mbele yake, yaani mwimbaji na ukuta ulio nyuma yake.