Kupakia mifuko ya saruji bila kuumiza mgongo

Mfuko wa saruji una kilo 50. Kikomo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, kwa mtu mmoja, tena katika mazingira bora kabisa, ni kilo 23. Mpakiaji wa Mtwara anayeunyanyua peke yake kutwa nzima amezidisha maradufu, na mkanda wa kiunoni haupunguzi hata kilo moja.

Anzeni na urefu. Pangeni paleti (majukwaa ya kuwekea mizigo) tupu mbili au tatu, nzima na zisizoyumba, chini ya ile yenye mifuko, ili mzigo uanzie usawa wa magoti. Kuinama hadi sakafuni ndiko kunakomaliza watu. Wawili washike pembe, mmoja ahesabu, wanyanyue pamoja mfuko ukiwa karibu na tumbo. Ukiwa mbali na mwili, pingili za kiuno zinaelemewa. Kisha geuzeni nyayo, si kiuno. Hapa wengi huumia, hasa jioni wakishachoka.

Kwenye joto la pwani, kunywa glasi ya maji kila dakika 20. Vumbi la saruji likilowa jasho huunguza ngozi: vaa glovu na mikono mirefu.

Mguu ukifa ganzi baada ya kunyanyua, huo si uchovu. Acha kazi, mjulishe msimamizi, nenda hospitali siku hiyohiyo.