Sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) asubuhi, kiti mara tatu kwa wiki: kurudisha nguvu ya miguu ya mzee

Mzee akianza kujisukuma kwa mikono ili ainuke, nyumbani husemwa "ni miaka tu". Mara nyingi ni misuli iliyopungua. Ndiyo inayochukua sukari nyingi baada ya kula, basi ikipungua sukari hubaki damuni. Hata baada ya miaka 70 misuli huongezeka, mradi ipate protini na mzigo pamoja.

Mpime kwanza. Tafuta kiti cha mbao, kimo kama sentimita 45, ukiegemeze ukutani. Cha plastiki huteleza kwenye sakafu ya sima. Akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara 5. Zikipita sekunde 15, miguu imelegea.

Kosa la meza nyingi za Bukavu liko asubuhi: chai na mkate, kisha samaki wote wanangoja bugali ya jioni. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku, na afadhali zigawanywe kwenye milo yote.

Unga wa sambaza unatatua hilo. Zilizoanikwa chini hubeba mchanga, kwa hiyo zioshe upesi kwa maji ya vuguvugu, toa vichwa, kisha zikaushe kwenye sufuria juu ya makala machache hadi zivunjike kwa vidole. Twanga, chekecha. Ukitwanga zingali na unyevu, unga hushikana na kuota ukungu, hasa wakati wa mvua. Tengeneza wa wiki moja tu. Vijiko viwili vikubwa, karibu gramu 20, vina protini gramu 12 hivi. Koroga kwenye uji wa mahindi na soya, weka na yai pembeni. Soya ikaangwe kabla ya kusagwa: mbichi huzuia tumbo kusaga protini.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila daktari. Anayejidunga insulini ale kabla ya mazoezi.

Kiti sasa: mara 5, apumzike dakika 2, arudie hadi mizunguko 3. Kushuka polepole nako hujenga misuli, basi ahesabu hadi 4 akishuka; wengi hujiangusha tu. Asibane pumzi, presha hupanda. Kifua kikibana, aache papo hapo. Kupanda vilima vya Kadutu, hapa Bukavu, kunasaidia moyo, lakini hakutoshi kwa kazi hii.

Mizunguko 3 ikiwa rahisi, akumbatie mfuko wa maharagi wa kilo 2.